Shabiki wa Marekani si wa kuchekwa, kaulizeni Columbus

KIJIWENI ukitaka kumaliza mabishano ya soka kwa kicheko, mtaje Mmarekani. Kila mtu ana lake. Mmoja atasema jamaa hawajui hata kuotea ni nini. Mwingine atasema Mmarekani akiona mechi imeisha 0-0 anabaki amekaa kitini akisubiri mshindi atangazwe. Wa tatu atakumbushia video ya Portland, ambako Timbers ikifunga bao, jamaa anayeitwa Timber Joey anawasha msumeno wa mashine na kukata kipande cha gogo mbele ya jukwaa, halafu mfungaji anakabidhiwa kipande chake baada ya mechi kama mtu aliyetoka kununua mbao Buguruni.

Ni kweli inachekesha. Ila anayecheka gogo la Portland akumbuke kwamba hapa Bongo timu zimewahi kupigwa faini kwa kukataa kupita mlango rasmi wa uwanja, kwa sababu ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayetaka kuzitaja. Kila soka ina vituko vyake. Gogo angalau linaonekana.

Na lile neno "soccer" linalowakera watu, halikuzaliwa New York. Lilizaliwa Uingereza karne ya 19, vijana wa vyuoni walipofupisha "association football" kwa misemo yao ya kihuni. Waingereza wakalitumia wenyewe miaka mingi kabla ya kuanza kulionea aibu. Halafu anayemcheka Mmarekani kwa Kiswahili lazima atamke "soka". Hilo nalo limetoka wapi?

Basi utani uwekwe pembeni kidogo. Shabiki wa soka wa Marekani anastahili kutazamwa upya, kwa sababu anafanya jambo ambalo mashabiki wengi duniani hawajawahi kulazimika kulifanya: anaupenda mpira bila kurithishwa, na anaipenda timu ambayo mwenye nayo anaweza kuamka asubuhi akaihamishia jimbo lingine.

Fikiria mtoto anavyopata timu Dar es Salaam. Baba ni Yanga, mtoto ni Yanga. Mtoto akiwa mkaidi anakwenda Simba, na ukoo mzima unamtania mpaka kwenye harusi yake. Hakuna anayechagua. Mtu anazaliwa anakuta jezi imeshaanikwa kwenye kamba.

Mmarekani anazaliwa anakuta jezi nyingine. Baba ni wa besiboli. Mjomba ni wa ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu. Shuleni kijana mrefu anapelekwa kwenye kikapu. Kundi kubwa la mashabiki wa timu ya taifa, American Outlaws, lilianzishwa 2007 katika mji wa Lincoln, Nebraska. Lincoln ni mji ambao timu ya chuo kikuu ya mpira wa Kimarekani imekuwa ikimaliza tiketi za kila mechi ya nyumbani tangu 1962, katika uwanja unaobeba zaidi ya watu 80,000. Mtu akianzisha kundi la soka pale ni sawa na kufungua tawi la Simba katikati ya Jangwani. Lakini wakalianzisha, na likasambaa nchi nzima.

Halafu kuna suala la usingizi. Tangu Agosti 2013 kituo cha NBC kinaonyesha mechi zote 380 za Ligi Kuu England. Ile mechi ya mapema ya Jumamosi, ambayo mwanzoni mwa msimu inaanza saa 8:30 mchana hapa Tanzania, kwa mtu wa New York ni saa 1:30 asubuhi. Kwa mtu wa Los Angeles ni saa 10:30 alfajiri. Huku shabiki anakula ubwabwa wake, anavaa jezi, anatembea taratibu mpaka kibanda umiza. Kule mwenzake ametega saa, ametoka gizani, amekwenda kwenye baa iliyofunguliwa kwa ajili ya mechi tu, anakunywa kahawa huku anaimba nyimbo za Liverpool au Arsenal. Mtu wa namna hiyo si wa kuambiwa hana mzuka.

MPIRA WAO SI WA JANA

Kuna watu wanadhani Marekani iligundua soka siku Lionel Messi aliposhuka Miami. Si kweli. Marekani ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza kabisa, 1930 kule Uruguay, na hat-trick ya kwanza katika historia ya michuano hiyo ni ya Mmarekani, Bert Patenaude. Mwaka 1950 huko Belo Horizonte, Brazil, wakaipiga England 1-0 kwa bao la Joe Gaetjens, mzaliwa wa Haiti. Waingereza mpaka leo hawapendi kuikumbuka mechi ile.

Miaka ya 1970 Pele akaenda New York Cosmos, na Agosti 1977 watu zaidi ya 77,000 wakajaa Giants Stadium kuiona Cosmos. Ligi ile ikafa baada ya msimu wa 1984. Pesa ilikuwepo, mastaa walikuwepo, kilichokosekana ni mizizi.

Ndiyo maana takwimu za Kombe la Dunia la 1994 zinashangaza kuliko wengi wanavyokumbuka. Mashindano yale yalichezwa Marekani wakati nchi haina ligi kuu ya soka. Hakuna! Ya zamani ilikufa 1984, mpya ilianza 1996. Lakini wastani wa watu uwanjani ulikaribia 69,000 kwa kila mechi, na jumla ikapita milioni 3.5 kwa mechi 52. Mashindano yaliyofuata yakaongezwa mechi, zikawa 64, yakazunguka Ufaransa, Ujerumani, Brazil na kwingine mpaka Qatar 2022, na jumla ile ikabaki pale pale juu. Nchi "isiyojua mpira" ndiyo iliyojaza viwanja kuliko Brazil.

Miaka mitano baadaye, Julai 1999, fainali ya Kombe la Dunia la wanawake kati ya Marekani na China ikaingiza watu 90,185 Rose Bowl, California. Hapa Mmarekani amewaacha wengi mbali sana. Kule baba anampeleka binti yake mpirani tangu ana miaka mitano, na akikua wanakwenda wote jukwaani. Kansas City wamejenga uwanja wa watu 11,500 kwa ajili ya timu ya wanawake, ukafunguliwa 2024, na mwaka huo huo wakamshuhudia Temwa Chawinga wa Malawi akipiga mabao 20 ya ligi na kuwa mchezaji bora. Fainali ya msimu ule ilichezwa kwenye uwanja huo huo, bao pekee likafungwa na Barbra Banda wa Zambia akiwa na Orlando Pride. Wasichana wawili wa kutoka kusini mwa Afrika wanaimbwa kwa majina na watu wa Missouri na Florida. Swali la kujiuliza ni mashabiki wangapi wa Lusaka au Lilongwe walikuwa wanajaza uwanja kuwaona kabla hawajaondoka.

LIGI ILIYOMTAFUTA SHABIKI ASIYE WAKE

Ukitaka kumwelewa shabiki huyu, angalia jinsi viongozi wake walivyomkosea mwanzoni. MLS ilipoanza 1996, wakubwa walikaa mezani wakajiuliza: tumfanyeje mtu asiyependa soka aipende? Wakabuni vituko. Saa ya uwanjani ikawa inahesabu kurudi nyuma mpaka sifuri, kama kwenye kikapu. Sare ikafutwa. Mechi ikiisha kwa sare, mchezaji anaanza na mpira yadi 35 kutoka golini, ana sekunde tano za kumkabili kipa na kufunga. Yaani penalti ya kukimbia.

Matokeo yake yakawa mabaya kote. Asiyependa soka hakuja. Anayependa soka akaona ametukanwa. Watu waliokuwa wamekesha wakitafuta matokeo ya Italia na Mexico, waliokuwa wanajua mpira ni nini, wakapewa mchezo wa kuigiza. Baada ya msimu wa 1999 vituko vile vikatupwa. Mwanzoni mwa 2002 ligi ikafunga timu mbili za Florida, Tampa Bay Mutiny na Miami Fusion, ikabaki na timu 10. Wachambuzi wengi waliona kifo kinakuja kama kilivyokuja 1984.

Hakikuja. Na aliyeiokoa si tajiri peke yake, ni yule shabiki ambaye ligi haikumtafuta. Alikuwa anakuja na ngoma yake, anasimama dakika 90, anaimba hata timu ikifungwa tatu. Siku viongozi walipoanza kumsikiliza yeye badala ya jirani yake wa besiboli, mambo yakabadilika.

Seattle ni mfano mzuri. Mwaka 2008 mji ule ulinyang'anywa timu yake ya kikapu, SuperSonics, ikapelekwa Oklahoma City. Miezi michache baadaye, Machi 2009, Sounders ikacheza mechi yake ya kwanza ya MLS mbele ya watu zaidi ya 32,000 na kuichapa New York Red Bulls 3-0. Klabu ikaanza na utaratibu ambao Simba na Yanga wangeuonea wivu: wenye tiketi za msimu wanapiga kura kila baada ya miaka minne kuamua kama meneja mkuu anaendelea au anaondoka. Mmoja wa wamiliki wadogo, mchekeshaji Drew Carey, ndiye aliyelikomalia jambo hilo. Kabla ya mechi wanatembea pamoja mtaani na ngoma mpaka uwanjani.

Mei 2022 Sounders ikatwaa Ligi ya Mabingwa ya CONCACAF kwa kuifunga Pumas ya Mexico 3-0 mbele ya watu 68,741. Miaka minne kabla ya hapo, fainali ya MLS mjini Atlanta iliingiza 73,019. Messi alitua Miami Julai 2023. Wanaosema Messi ndiye aliyeleta watu uwanjani wahesabu tarehe.

Na huyu Mmarekani ni nani hasa? Picha ya watu wengi ni mzungu mwenye kofia ya besiboli. Yupo, ndiyo. Lakini yupo pia Mmexico wa Los Angeles, Mhonduras wa Houston, Msomali wa Columbus, na Mkongomani aliyepitia Kigoma. Bernard Kamungo alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, familia yake ikahamia Abilene, Texas, 2016. Texas ni nchi ya mpira wa kofia ngumu, Ijumaa usiku mji mzima unakwenda kuwaangalia vijana wa sekondari wakigongana. Kamungo akabaki na mpira wake wa miguu, akaenda kwenye majaribio ya wazi ya timu ya pili ya FC Dallas, akapita. Agosti 2023 akaifunga Inter Miami ya Messi katika ile mechi ya 4-4 iliyoishia kwenye penalti. Kijana aliyejifunza kupiga mpira kwenye vumbi la Kasulu anashangiliwa na Texas. Huo nao ni ushabiki wa Marekani.

COLUMBUS WALIPOKATAA

Sasa ije Columbus, Ohio, maana bila Columbus hoja yote hii inabaki nusu.

Columbus Crew ni moja ya timu 10 zilizoanzisha MLS 1996. Mwaka 1999 ikafungua uwanja wake, wa kwanza kujengwa mahsusi kwa timu ya ligi hiyo. Haukuwa wa kifahari, lakini ndiko Marekani ilikokuwa inampeleka Mexico na kumpiga 2-0, mechi baada ya mechi, mpaka matokeo hayo yakawa wimbo. Mwaka 2013 timu ikanunuliwa na mfanyabiashara wa California, Anthony Precourt.

Oktoba 2017 habari ikatoka: Precourt anataka kuihamishia timu Austin, Texas. Anasema watu hawaji vya kutosha, anataka uwanja mpya katikati ya mji, la sivyo anaondoka. Kisha ikafahamika kwamba tangu anainunua 2013, mkataba wake ulikuwa na kipengele kinachomruhusu kuipeleka Austin. Maana yake shabiki aliyekuwa ananunua tiketi kwa miaka minne alikuwa ananunua kwa mtu ambaye mlango wa kutokea ulikuwa wazi siku zote.

Kwa Marekani hilo si ajabu. Klabu kule ni mali, na mali inahamishika. Watu wa San Jose walishaonja. Mwaka 2005 timu yao iliongoza msimamo wa ligi nzima, msimu ulipoisha ikabebwa na wachezaji wake ikapelekwa Houston. Houston ikachukua ubingwa 2006 na 2007. Watu wa San Jose wakakaa nyumbani wanaangalia wachezaji wao wananyanyua makombe ya watu wengine. Timu ikarudishwa 2008, lakini makombe yale hayakurudi.

Kwa hiyo Columbus walijua kinachokuja. Kawaida ya shabiki wa aina hiyo ni kulia, kuchoma jezi, kuzoea. Wao wakakataa. Jumapili ya Oktoba 22, 2017, siku chache tu baada ya habari kutoka, wakajaa mbele ya ukumbi wa jiji wakiwa na bendera za njano na nyeusi. Wakaanzisha kampeni iliyoitwa Save the Crew, yaani Okoa Crew. Na hapa ndipo panapotofautisha kelele na kazi. Hawakuishia kwenye nyimbo. Walichapisha mabango, wakapita duka hadi duka wakiomba yabandikwe dirishani. Wakakusanya ahadi za maelfu ya watu kwamba timu ikipata mmiliki mpya watanunua tiketi za msimu. Wakachora hata mapendekezo ya uwanja. Walikuwemo wanasheria, walimu, wachoraji, watu wa matangazo, kila mmoja akaleta ujuzi wake bila malipo. Mashabiki wa timu pinzani nao wakawa wanainua mabango ya kuiunga mkono Crew kwenye viwanja vyao. Utani ukawekwa kando. Na timu yenyewe, katikati ya vurugu hizo, ikaenda mpaka hatua ya kuelekea fainali, ikatolewa na Toronto kwa bao moja.

Kisha wakakumbuka sheria. Mwaka 1995 mmiliki wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Cleveland Browns, Art Modell, alitangaza kuihamishia Baltimore. Ohio ikaumia, ikatunga sheria 1996: timu inayotumia uwanja uliosaidiwa na kodi za wananchi haiwezi kuondoka mpaka mmiliki atoe taarifa miezi sita kabla na kuwapa watu wa pale nafasi ya kuinunua. Sheria ilikaa kabatini zaidi ya miaka 20. Machi 2018 mwanasheria mkuu wa jimbo pamoja na jiji la Columbus wakaitoa, wakaenda mahakamani dhidi ya Precourt na ligi.

Oktoba 2018, mwaka mmoja baada ya ile habari mbaya, ikatangazwa kwamba wanunuzi wamepatikana. Mmoja alikuwa Pete Edwards, daktari wa timu kwa miaka mingi. Wengine ni familia ya Haslam, ambayo ndiyo inamiliki Cleveland Browns ile iliyozaliwa upya. Mwanzoni mwa 2019 umiliki ukabadilika. Precourt akapewa timu mpya Austin, iliyoanza 2021. Crew ikabaki Ohio.

Desemba 2020 Crew ikawa bingwa, ikiifunga Seattle 3-0 nyumbani, uwanjani wakiruhusiwa watu wachache tu kwa sababu ya Covid-19. Julai 2021 uwanja mpya ukafunguliwa, katikati ya mji. Desemba 2023 ubingwa tena, humo humo, 2-1 dhidi ya LAFC, bao moja likitiwa na Mghana Yaw Yeboah huku Mgabon Denis Bouanga akiwafungia wageni. Safari hii uwanja ulijaa.

Ila tukio linalopendeza kuliko makombe yote ni la Mei 2021. Wamiliki wapya, wale wale walioonekana mashujaa, waliamka na wazo la kubadili jina. Timu iitwe Columbus SC, lile "Crew" libaki kama jina la utani. Mashabiki hawakuwaonea haya. Waliwaambia wazi kwamba hawakuokoa herufi mbili. Haikupita wiki mbili, wamiliki wakakaa nao mezani na jina likarudi: Columbus Crew.

KASORO ZIPO, NA NI KUBWA

Hakuna haja ya kumpamba Mmarekani kupita kiasi. Ligi yake haishushi timu daraja. Ukimaliza wa mwisho, msimu ujao upo pale pale, umetulia kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima. Timu ya chini haipandi kwa kushinda, inaingia kwa hundi: San Diego FC, timu ya 30, ililipa dola 500 milioni ili kuanza 2025. Shabiki wa MLS hajawahi kuhesabu pointi siku ya mwisho huku redio iko sikioni, timu yake ikihitaji mwenzake afungwe kule Bukoba ili ibaki Ligi Kuu. Ile homa haijui. Wapo mashabiki huko huko Marekani wanaodai kupanda na kushuka daraja miaka yote hii, na wenye timu wanajifanya hawasikii. Aliyelipa dola 500 milioni hawezi kukubali kushuka.

Kasoro nyingine ni bei. Pale mapenzi ya shabiki yanageuzwa fedha haraka kuliko mahali pengine. Desemba 2025, zilipotoka bei za tiketi za Kombe la Dunia la 2026 zilizotengwa kwa mashabiki wa timu za taifa, tiketi ya chini kabisa ya fainali ilizidi dola 4,000, karibu Sh10 milioni. Kelele zikapigwa Ulaya na Marekani, FIFA ikatenga tiketi chache za dola 60 kwa kila mechi. Chache. Yule aliyeamka saa 10 alfajiri kwa miaka 12, aliyefundisha watoto wake nyimbo za timu ya taifa, alisubiri Kombe la Dunia lirudi nyumbani kwake tangu 1994. Lilipokaribia, likapangiwa bei ya gari lililotumika.

Lakini kwenye lile la Columbus, hapa Bongo hakuna wa kumcheka. Novemba 29, 2022, Mbarali mkoani Mbeya, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nchi nzima ilijua Mbarali iko wapi. Oktoba 2023 wakarudia, 2-1 tena, pale pale Highland Estates. Msimu huo haujaisha, timu ikahamia Singida. Msimu wa 2024/25 ikaanza ikiitwa Singida Black Stars. Timu nyingine iliyokuwa Singida, Singida Fountain Gate, ikaondoka nayo kwenda Babati, ikabaki na jina la Fountain Gate. Katika muda mfupi, miji mitatu ilibadilishana timu kama watu wanaobadilishana viti kwenye daladala.

Simba na Yanga wana kinga yao. Wanachama wapo, matawi yapo, na serikali ilishasema mwekezaji asizidi asilimia 49. Hakuna tajiri wa kuitoa Yanga Jangwani akabaki salama. Lakini aliyekuwa na jezi ya Ihefu pale Mbarali, aliyemwona mtoto wake akirukaruka siku Yanga inafungwa, yeye kinga yake ni ipi?

TFF na Bodi ya Ligi hawahitaji kwenda mbali kutafuta maneno ya kuandika kwenye kanuni. Taarifa miezi sita kabla timu haijabadili mji au jina, na watu wa pale wapewe nafasi ya kwanza ya kuinunua, iwe halmashauri, iwe wafanyabiashara, iwe mashabiki waliochangishana. Ohio iliyaandika hayo 1996, wakati Browns imeshaondoka.